Kununua krosova ya umeme iliyotumika ukiwa Mtwara au Lindi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni fundi umeme wa magari, Mtwara mjini. Zamani mtu alinitumia picha ya gari akauliza linakula mafuta kiasi gani. Siku hizi picha inaingia saa tano usiku, gari la umeme linang'aa kwenye yadi ya Dar, na chini yake neno moja tu: "Vipi?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana nimeandika ukurasa huu. Nazungumzia krosova, gari la familia lililoinuka kidogo, la kupakia watoto, mama mkwe na gunia la korosho. Bajaji na pikipiki za umeme zina habari yake.

Fundi, nitafika nalo Dar?

Kila mtu anaanza na hili, nami hujibu kwa swali: mwaka jana ulikwenda Dar na gari lako mara ngapi? Wengi wanahesabu vidole viwili, halafu wanakumbuka kwamba safari moja walipanda basi.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Krosova iliyotumika yenye betri kubwa na nzima itakupa kilomita 300 na kidogo, na ukiwasha AC ukakimbia 100 kwa saa, zitapungua. Huwezi kumaliza safari hiyo bila kuchaji, na usiipange ukitegemea chaja ya haraka njiani. Utabaki na soketi ya gesti. Ukilala Nangurukuru ukachaji kwa muda wa saa kumi kwenye soketi ya kawaida utapata uniti kama 20 (uniti moja ni kilowati-saa moja), yaani kilomita 120 hivi. Safari ya siku moja inakuwa ya siku tatu.

Kama Dar ni kila mwezi, usinunue gari la umeme tupu. Tafuta Mitsubishi Outlander PHEV: ina injini ya petroli na betri ya kuchaji. Betri ni ndogo (kilowati-saa 12 kwa matoleo ya mwanzo ya 2013, 13.8 kwa yaliyofuata), lakini inatosha kuzunguka mjini kwa umeme, na barabara kuu unaimaliza kwa mafuta kama wenzako.

Sawa, na Lindi? Masasi? Newala?

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Mtwara–Lindi ni kama kilomita 110. Gari lenye betri ya kilowati-saa 64 iliyobaki asilimia 85 linakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lenye betri ya 40 iliyochoka linafika Lindi vizuri, kurudi mpaka uchaji. Masasi ni kama 200, kwa hiyo hata gari zuri unapanga kulala au kuchaji kwa ndugu.

Newala watu wanaiogopa kwa sababu ya mlima. Chukua gari na abiria, jumla kilo 2,000, uvipandishe mita 700 hadi juu ya nyanda za Makonde. Kazi ya kupandisha peke yake inakula uniti karibu 4. Siyo nyingi, ila utaona asilimia zinaporomoka na mapigo ya moyo yatapanda. Ukishuka, mota inageuka kuwa jenereta na sehemu ya uniti hizo inarudi kwenye betri. Tatizo moja dogo: ukichaji hadi 100 huko juu halafu ukaanza kuteremka, betri haina pa kuupokea umeme huo, na kazi yote inaangukia breki za kawaida. Ukiwa Newala acha kwenye 85 au 90.

Nitajuaje betri imechoka kiasi gani?

Hapa usiwe na haraka. Kwenye gari la umeme unanunua betri. Bodi, viti na rangi vinakuja kama nyongeza. Nimeona mtu analipia rimu nzuri na betri nusu.

Unatafuta namba inayoitwa SOH, afya ya betri kwa asilimia ukilinganisha na ilivyokuwa mpya. Dalali atakuambia "betri iko full" huku akionyesha asilimia 100 kwenye dashibodi. Hiyo ni chaji iliyomo leo, siyo afya. Ndoo ndogo ikijaa nayo imejaa.

Njia ya kwanza ni kifaa cha OBD, kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani, pamoja na programu ya simu. Kwa Nissan Leaf ipo LeafSpy. Kwa mengine mengi Car Scanner inasoma. Usiangalie SOH peke yake, angalia pia tofauti ya volti kati ya seli iliyo juu na iliyo chini. Seli moja ikiwa mbali na wenzake, gari litazima mapema hata kama asilimia bado zinaonekana.

Leaf (najua siyo krosova, ila mnaniletea sana) ina vistari 12 vya afya pembeni ya geji ya chaji. Kistari cha kwanza kikidondoka, betri imeshapoteza karibu asilimia 15. Vinavyofuata vinadondoka haraka zaidi, kila kimoja kwa asilimia 6 hivi. Wapo wanaovirudisha vistari kwa kompyuta kabla ya kuuza, ndiyo sababu nasisitiza njia ya pili.

Njia ya pili haidanganyi: endesha. Anza na chaji 80, sifuri kipimo cha safari, tembea mpaka ibaki 30. Tuseme umetembea kilomita 150 na dashibodi inasema wastani ni kilowati-saa 18 kwa kilomita 100. Umetumia 27 kwa nusu ya betri, kwa hiyo betri nzima sasa ni 54. Kama mpya ilikuwa 64, afya ni asilimia 84. Muuzaji akikataa usiendeshe zaidi ya kuzunguka yadi, mshukuru ukapande daladala.

Mimi chini ya asilimia 80 silipi bei ya soko, na chini ya 70 nakushauri uache kabisa, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Kiwango hicho cha 70 ndicho watengenezaji wengi wanachotumia kwenye dhamana ya betri, kwa kawaida miaka 8 au kilomita 160,000. Na dhamana hiyo usiihesabu: gari likishatoka nchi lilikouzwa mpya, kwa kawaida dhamana inabaki huko.

Joto la pwani haliui betri?

Linaichosha, hasa betri isiyo na mfumo wa kupoza. Leaf ya vizazi viwili vya kwanza haina maji ya kupoza betri, na kwa Mtwara hiyo ni sababu tosha ya kuiweka chini kwenye orodha. Nissan Ariya, Hyundai Kona, Kia Niro, MG ZS na BYD Atto 3 zote zinapoza betri kwa mfumo maalumu.

Kubwa zaidi ni tabia yako. Betri nyingi hazipendi kukaa zimejaa 100 juani siku nzima. Chaji hadi 80, egesha chini ya mwembe, jaza zote usiku wa kuamkia safari. Betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), kama za Atto 3, ni tofauti: zinavumilia kujaa, na ni vizuri kuzijaza 100 mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu.

Nipe jina, ninunue gari gani?

Kwa familia ya huku, ningeanza na Kona au Niro ya kilowati-saa 64 iliyotoka Uingereza, kwa sababu usukani uko kulia na maandishi ni Kiingereza. Kona ina habari moja ya kuuliza: mwaka 2021 Hyundai ilitangaza kuita kama magari 82,000 ya umeme duniani kubadilisha betri kwa hofu ya moto, na Kona ndiyo iliyokuwa nyingi humo. Chukua namba ya chesesi, hakikisha kazi ilifanyika. Iliyobadilishwa ni bahati, maana betri ni changa kuliko gari.

MG ZS EV ya kwanza ilikuwa na betri ya 44.5; kwa mjini inatosha, na buti ni kubwa. Atto 3 ya 60 ni nzuri kwa betri yake. Ariya ni gari la raha, ila bado ni ghali. Toyota bZ4X ya 2022 iliitwa kiwandani kwa ajili ya boliti za magurudumu zilizokuwa zikilegea; nayo uliza kama ilirekebishwa.

Yanayotoka China yenye usukani wa kushoto yanavutia kwa bei. Lakini jiulize utalipitaje lori la makaa ya mawe kwenye barabara ya njia mbili ukiwa umekaa upande wa majani. Abiria ndiye atakuwa anakuambia "pita, pita". Mimi sitaki.

Soketi ya nyumbani inatosha?

Inatosha kwa umeme, haitoshi kwa usalama, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi. Pasi unaitumia dakika ishirini. Gari linavuta ampea 10 kwa saa nane mfululizo, kila usiku.

Kuna nyumba niliitwa, mtaa wa Shangani hapa Mtwara, mwenyewe analalamika chaji inakata saa sita usiku. Nilipochomoa plagi, tundu moja la soketi lilikuwa limeiva, plastiki rangi ya chai ya rangi, na plagi imeacha alama yake kama muhuri. Nyuma yake nikakuta waya mwembamba wa taa, umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa selotepu. Hapo hatukuzungumza tena habari za gari, tulizungumza habari za nyumba.

Kabla gari halijafika fanya hivi. Vuta waya mpya wa milimita 4, au 6 kama umbali ni mrefu, kutoka kwenye meni swichi hadi mahali pa kuegesha, usiguse soketi nyingine yoyote. Weka breka yake peke yake, yenye kukata umeme unapovuja. Nunua soketi nzito, siyo ile ya bei ya maandazi. Na ethi iwe ethi kweli: nondo ya shaba iliyozama ardhini na kupimwa. Mchanga wetu mkavu wa pwani unaifanya ethi kuwa dhaifu. Wakati mwingine lazima ziende nondo mbili au tatu. Chaja nyingi zisipoiona ethi zinawasha taa nyekundu na kugoma, na watu wanadhani gari ni bovu. Ekstensheni ya kuzungushwa kwenye kibao, marufuku.

Nimepanga, na LUKU tunachangia na wapangaji wenzangu. Je?

Usinunue, kaka. Subiri mpaka uwe na mita yako. Watu wamegombana kwa sababu ya friji, sembuse gari.

Litakula LUKU kiasi gani?

Krosova inatumia uniti 17 hivi kwa kilomita 100, na nyingine mbili zinapotea wakati wa kuchaji. Weka 19. Kwa bei ya kawaida ambayo shilingi 1,000 inatoa uniti 2.8 hivi, kilomita 100 ni kama shilingi 6,800. Gari la petroli linalokula lita 9, kwa mafuta ya shilingi 3,000, ni 27,000. Bei ya mafuta inabadilika kila mwezi, EWURA wanatangaza Jumatano ya kwanza na bei ya bandari ya Mtwara iko humo, kwa hiyo piga hesabu yako mwenyewe.

Kuna mtego. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, lisahau. Ukiendesha kilomita 30 kwa siku, gari peke yake litakula uniti 170 kwa mwezi. Utahamia bei ya kawaida, na taa, feni na friji vitahama nawe. Mama wa nyumbani ataliona kabla yako.

Kwa kilomita 900 za mwezi unaokoa kama shilingi 180,000. Kama gari la umeme limekuzidi milioni 15 juu ya la petroli unaloweza kulinganisha nalo, itachukua karibu miaka saba kuzirudisha. Anayetembea kilomita 300 kwa mwezi, kazini na msikitini tu, hatazirudisha. Huyo namwambia wazi abaki na gari lake.

Umeme ukikatika?

Gari likiwa na asilimia 60, kukatika kwa umeme usiku mmoja hakukuhusu. Ndiyo faida ya kuchaji kila siku kidogo kidogo kuliko kusubiri liishe. Kijenereta cha dukani hakifai: kinapiga kelele usiku kucha, kinazidiwa, na kwa kuwa hakina ethi chaja inakikataa. Baadhi ya magari, kama Atto 3 na Outlander PHEV za Japani zenye soketi ndani, yanaweza kutoa umeme kuendesha friji na taa. Za Japani zinatoa volti 100, kwa hiyo usichomeke friji ya volti 230 bila transfoma.

Tundu la chaji linatofautiana?

Ndiyo. Mengi ya Japani yana CHAdeMO kwa chaji ya haraka, mengi ya Uingereza CCS2, ya soko la China GB/T. Kwa Mtwara utaishi kwa chaji ya polepole, kwa hiyo cha muhimu ni waya wa kuchajia unaolingana na tundu la polepole. Hakikisha upo ndani ya gari kabla ya kulipa. Mara nyingi unabaki kwenye yadi, na ukiurudia unaambiwa haukuwepo.

Nimekwenda kuliona, haliwaki kabisa. Limekufa?

Huenda ni betri ndogo ya volti 12 tu. Gari la umeme nalo linayo, ndiyo inayoamsha kompyuta. Likikaa melini na yadini miezi miwili inaisha, na kubwa ikiwa imejaa haisaidii kitu. Ichaji, washa, ndipo uanze kupima. Nimewahi kumwona mtu anapunguziwa milioni tatu kwa gari lililohitaji betri ya laki na nusu. Muuzaji hakujua. Mnunuzi alijua, akanyamaza.

Mvua na mafuriko je?

Betri imezibwa vizuri kiwandani, maji ya barabarani hayaisumbui. Lakini kila mtu anakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi–Dar ilivyokatika. Gari lililozama mpaka kwenye viti usilinunue kwa bei yoyote. Nusa mazulia, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uangalie kama una matope. Kisha lala chini uangalie sinia la betri: kama limebonyea au kukwanguliwa na jiwe, acha. Na kwa waliokaa karibu na bahari, kutu ya chumvi kwenye boliti za sinia hilo ni jambo la kuangalia kila mwaka.

Fundi wangu wa siku zote anaweza kulihudumia?

Tairi, breki, shokapu, bushi, ndiyo. Waya zote za rangi ya chungwa, hapana. Humo mna volti 350 na zaidi, na hazitoi onyo. Maji ya kupoza betri nayo siyo maji ya bomba wala ya rejeta ya kawaida. Hyundai na Kia zina aina yake maalumu.

Karatasi?

Likiwa limeshasajiliwa nchini: kadi halisi, jina la muuzaji lifanane na kitambulisho, uhakiki TRA kwamba halina mkopo, na faini za trafiki ziangaliwe kwa namba ya gari kabla hujazirithi. Mkataba mbele ya wakili, kisha badilisha umiliki mara moja. Kama unaagiza nje, tumia kikokotoo cha TRA kwa mwaka na aina hasa ya gari, maana umri unaongeza kodi. Maneno ya "la umeme halina ushuru" yaache kijiweni. Bima chukua kubwa, na betri itajwe kwa maandishi.

Ni lini bei inakuwa nzuri?

Siyo wakati fedha za mnada wa korosho zimeingia. Madalali wanajua tarehe za minada kuliko wakulima. Mwezi wa nne, mvua inanyesha, mifuko imekauka, ndipo mtu anapokaa na wewe mkaongea.

Kila kitu kiko sawa, lakini linachagua saa za kuchaji. Lina nini?

Hili aliniletea mzee mmoja wa Mikindani, ameshalipeleka kwa mafundi wawili. "Mwanangu, mchana halichaji hata ufanye nini. Ikifika saa moja jioni linaanza lenyewe. Saa sita usiku linaacha lenyewe." Alishafikiria kumwita shehe alisomee.

Gari lilitoka Japani na skrini ilikuwa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Nikaielekeza kamera ya simu itafsiri, nikazama menyu moja baada ya nyingine. Mwenye gari wa kwanza, huko kwao, alikuwa ameliwekea lichaji kuanzia saa saba usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, nadhani kwa ajili ya umeme wa bei nafuu. Saa ya gari haikubadilishwa. Japani wametutangulia saa sita.

Nikaufuta muda ule, taa ya chaji ikawaka hapohapo, saa tisa mchana. Mzee akaiangalia, akacheka, akaniuliza kama na redio naweza kuifanya ishike stesheni za huku.